Kuzitafuta Nyumba za Kale za Mara

Mama mmoja aliyekaa kiti cha pembeni yangu katika basi la asubuhi kutoka Nyamhongolo, Mwanza, aliniuliza nafuata nini Musoma. Nilimweleza kwamba naenda kutazama majengo ya zamani: benki, maduka, shule, na nyumba za Mwalimu Nyerere kule Butiama. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Nyumba za Mwalimu sawa, mwanangu, hizo kila mtu anazijua. Lakini benki? Benki mtu anaingia, anachukua chake, anatoka."

Sikuwa na jibu la haraka, maana mama yule alikuwa ameligusa jambo lililonitoa nyumbani. Nyumba ya mtu mkubwa tunajua kuitunza. Nyumba ambamo jasho la watu wa kawaida liligeuzwa fedha, ambamo mkulima aliweka dole gumba kwenye karatasi kwa mara ya kwanza maishani, hiyo tunaipita tukienda sokoni.

Hamu yangu ya safari ilianzia kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ndiyo msingi wa ulinzi wa malikale Tanzania Bara, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linaweza kulindwa pia, ila mpaka waziri mwenye dhamana alitangaze. Kwa Kilwa Kisiwani au Kaole kipimo hicho hakina tabu, kwani misikiti na makaburi ya huko ni ya karne nyingi kabla. Lakini Wajerumani walianza kujitwalia Tanganyika mwaka 1885, na miji ya bara kama Musoma na Bunda, kwa sura tunayoijua leo, ni matunda ya miaka iliyofuata. Kwa hiyo machoni pa sheria hakuna duka, benki wala shule ya miji hiyo inayolindwa kwa umri wake. Nilitaka kuona kwa macho yangu hali ya mji ambao historia yake yote imeangukia upande wa pili wa mwaka 1863.

Barabara ya Musoma inapita Magu, kisha Lamadi. Kushoto unaliona Ziwa Victoria likijitokeza na kujificha, sehemu ile iitwayo Ghuba ya Speke. Kulia, ukishaipita Lamadi, unafika lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti. Mawe makubwa ya rangi ya kijivu yamekaa juu ya vilima, mengine yamebebana kwa namna inayomfanya mgeni ajiulize yamesimamaje. Katikati ya mawe hayo kuna mashamba ya mahindi, mihogo, mtama na pamba.

Pamba ndiyo iliyonifanya nishuke Bunda badala ya kuendelea moja kwa moja. Mji wenyewe umekaa barabarani. Mabasi yanasimama, vijana wanakimbilia madirishani na mahindi ya kuchoma na maji ya chupa, kisha safari inaendelea. Ukiingia mitaa ya ndani ndipo unapokutana na mji wa wakulima: maduka ya pembejeo, magunia, mizani, baiskeli zilizofungwa mizigo. Eneo hili lote la kusini mwa mkoa wa Mara ni sehemu ya ukanda wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Kabla ya uhuru wakulima wa ukanda huo walilalamika kwa miaka mingi kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa ushirika. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi, Paul Bomani, alizaliwa Musoma mwaka 1925, na chama kikuu alichokiongoza, Victoria Federation of Co-operative Unions, kiliundwa mwaka 1955. Baada ya uhuru Bomani akawa Waziri wa Fedha. Mtu aliyeanza kwa kupigania mizani ya kijijini akaishia kushika hazina ya nchi.

Habari hii nzito ina nyumba zake. Pamba ilihitaji ghala la kupokelea, kinu cha kuchambulia, ofisi ya chama na mahali pa kuweka fedha. Kila moja ya nyumba hizo ni ushahidi. Nilipouliza mitaani ghala la zamani la ushirika liko wapi, vijana walinielekeza kwa wazee, na wazee wakanielekeza kwa maneno ya "lilikuwa": hapa lilikuwa ghala, pale ilikuwa ofisi. Mahali pengine nyumba ipo lakini hakuna kibao wala maandishi yanayosema ilikuwa nini.

Mashariki ya mji wa Bunda ndiko iliko nchi ya Ikizu. Nako kuna kisa ambacho wasimulizi wa maisha ya Mwalimu hawakiachi. Mtemi Makongoro wa Ikizu alikuwa rafiki wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, na inasimuliwa kwamba alipokwenda kumtembelea na kucheza bao alikutana na mtoto mmoja wa Burito mwenye akili kali, Kambarage, ndiye Mwalimu wa baadaye. Akamshauri baba yake ampeleke shule. Kwa hiyo njia ya Bunda, Butiama na Musoma ambayo mimi niliipita kwa basi na hiace ndiyo iliyotengeneza safari ya mtoto yule: ushauri ulitoka Ikizu, mtoto akatoka Butiama, shule ikawa Musoma.

Musoma niliingia mchana. Stendi ya mabasi iko Bweri, nje kidogo ya mji, na kutoka hapo bodaboda ilinishusha hadi mjini. Mji umekaa kwenye rasi iliyozungukwa na ziwa, kiasi kwamba ukitembea mtaa mmoja hadi mwisho unakuta maji, ukirudi mtaa mwingine unakuta maji tena. Mwigobero, ambako mitumbwi inapakia watu na mizigo ya visiwani, akina mama walikuwa wamekaa na mabeseni ya dagaa wakiyapima kwa sado, na harufu ya samaki ilifika hadi barabarani.

Ziwa hilo linaeleza kwa nini mji uko hapa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo biashara ya mwambao wote wa ziwa ilivutwa na meli. Musoma ilikuwa kituo kimojawapo katika mzunguko huo. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliunganisha Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa na mzunguko ule ukakatika. Mji uliokuwa njiani ukajikuta pembeni. Yako majengo yaliyosalimika kwa sababu hiyo hiyo: palipokosekana fedha za kujenga kipya, cha zamani hakikubomolewa.

Nilitembea mitaa ya kati nikitazama juu, maana historia ya duka la zamani iko juu ya mlango. Chini rangi za kampuni za simu zimefunika kila kitu. Juu kuna ukingo wa saruji uliochongwa kwa umbo la ngazi au jua linalochomoza, mtindo walioupenda mafundi wa maduka ya Wahindi kabla ya uhuru. Mbele kuna baraza yenye nguzo, pana kiasi cha mtu kukaa na cherehani. Nilisimama karibu na nguzo moja nikaipapasa. Rangi ilikuwa imebanduka mahali padogo, na ndani ya kidonda hicho nilihesabu matabaka: bluu ya kampuni, chini yake njano, chini yake kijani, chini yake chokaa nyeupe. Chini ya chokaa kulikuwa na lipu ya mchanga wa ziwani wenye vipande vidogo vya konokono. Fundi wa kwanza alichota mchanga wake ziwani, na mchanga huo bado unaibeba nyumba.

Kwenye baraza hiyo hiyo nilimkuta mzee mmoja akisubiri cherehani imalize kazi yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mjukuu wangu. Unaipima nyumba?" Nilipomweleza shida yangu alifurahi, kwani ujanani alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika. Akaniambia, "Msimu ukianza, pesa ilitoka benki kwenye sanduku la chuma. Askari mbele, karani nyuma. Tukifika kijijini tunaweka meza chini ya mti, mkulima anaitwa jina, anaweka dole gumba, anahesabiwa. Siku hiyo hata watoto wanajua benki ni nini." Kisha akanifundisha namna ya kuitambua nyumba iliyowahi kutunza fedha hata kama kibao kimeondolewa miaka mingi: tazama nondo za dirishani, zitakuwa nene kuliko za jirani, tazama ukuta wa nyuma, hautakuwa na mlango, ingia ndani uulize kama kuna chumba kisicho na dirisha.

Historia ya nyumba za namna hiyo ni historia ya nchi. Kabla ya uhuru na miaka michache baadaye, benki zilizotawala biashara ya Tanganyika zilikuwa za kigeni, zikiwamo Barclays, Standard na National and Grindlays. Zilikwenda palipo na mazao na biashara, na vijijini hazikufika. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, tamko la ujamaa na kujitegemea. Siku iliyofuata benki zikataifishwa, na ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kwa miaka thelathini mamilioni ya Watanzania walijua tawi moja tu la benki katika wilaya yao. Mwaka 1997 benki hiyo ikagawanywa: sehemu moja ikabaki NBC, nyingine ikawa National Microfinance Bank, yaani NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani, na mali nyingine zikawekwa chini ya shirika la tatu la kuzishikilia. Baadaye zote mbili zikauzwa kwa sehemu kwa wawekezaji, NBC mwaka 2000 na NMB mwaka 2005.

Mtu anayejali majengo akiisoma orodha hiyo anaona hatari. Kila benki ilipobadilisha mmiliki, makabati yalihamishwa. Michoro ya jengo, picha za siku ya ufunguzi, daftari la kwanza la wateja, vyote hivyo ni karatasi, na karatasi hupotea wakati wa kuhama. Jengo likibaki bila karatasi zake linabaki bila utetezi. Siku mwekezaji akitaka kulibomoa ajenge ghorofa la vioo, hakuna atakayeweza kusimama mbele ya halmashauri akasema kwa ushahidi: nyumba hii ilijengwa na fulani, mwaka fulani, na ndani yake lilitendeka jambo hili.

Kesho yake nilikwenda Mwisenge, humo humo Musoma. Hapo ndipo Kambarage Nyerere alipoanza shule mwaka 1934, akiwa na miaka 12, kwenye shule ya serikali ya wenyeji, zaidi ya kilomita 40 kutoka kwao. Mwaka 1937 alikuwa tayari shuleni Tabora. Darasa alilosomea linatunzwa hadi leo, na shule inayolizunguka bado inafundisha. Hilo la pili lilinigusa kuliko la kwanza. Nikiwa pale nilisikia watoto wa darasa la jirani wakiimba jedwali la kuzidisha, sauti zikipenya dirishani. Jengo linalosikia sauti za watoto kila siku halihitaji kubembelezwa lisimame. Paa likivuja kuna mwalimu atakayelalamika, mlango ukivunjika kuna fundi atakayeitwa.

Kutoka Bweri nilipanda hiace hadi Makutano, kisha nikaunganisha ya Butiama. Njia inapanda polepole, hewa inapoa, na vilima vya Wazanaki vinakukaribisha. Mwitongo, makazi ya ukoo wa Mtemi Burito, pako juu ya mawe, na kutoka hapo unaona bonde refu la kijani. Makumbusho ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere yalifunguliwa hapo Julai 1999, miezi mitatu kabla hajafariki London tarehe 14 Oktoba. Ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa, yenye sheria yake ya mwaka 1980 na watumishi wake. Mwalimu alizikwa hapa tarehe 23 Oktoba 1999, karibu na makaburi ya baba yake na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe.

Nilikuja kwa ajili ya nyumba, na Mwitongo inazo za kutosha kumfundisha mtu. Kuna masalia ya boma la Mtemi. Kuna nyumba aliyojengewa na chama, TANU. Kuna nyumba kubwa aliyojengewa na Jeshi la Wananchi, ambayo alihamia mwishoni kabisa mwa maisha yake na kukaa siku chache tu. Ziko pia kumbukumbu za nyumba aliyoijenga kwa mikono yake aliporudi kutoka Edinburgh mwishoni mwa mwaka 1952: mhitimu wa chuo kikuu akikanyaga udongo na kufyatua matofali, majirani wakishangaa msomi kushika kazi hiyo. Mgeni huonyeshwa pia ghala la nafaka. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwa mkulima wa zamani ghala lilikuwa benki ya kaya: ulezi na mtama viliwekwa wakati wa neema vikatolewa wakati wa njaa, na asiyeweka hakuwa na cha kutoa. Mtoto aliyelelewa karibu na ghala la namna hiyo ndiye aliyekuja kutamka kwamba benki ziwe mali ya wananchi wote.

Maktaba yake ina maelfu ya vitabu. Nilikumbuka kwamba miaka miwili baada ya kutaifisha benki, mwaka 1969, alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare inayohusu mkopo, riba na deni. Rais wa nchi alipata wapi saa za kukaa na tamthilia? Jibu liko kwenye rafu zile: alikuwa mtu wa kusoma kila siku, na vitabu ndivyo nyumba yake ya kweli.

Adui wa vitabu na nyumba hizo ni unyevu, mchwa na jua. Karatasi inayokaa kwenye joto linalopanda na kushuka hukauka na kukatika. Mbao isiyokaguliwa huliwa kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Bati lenye tundu dogo linaharibu dari, dari inaharibu rafu, rafu inaharibu kitabu. Kazi ya kuhifadhi ni ya kila siku na haina sherehe, na inahitaji fungu la fedha lisilokatwa. Mwitongo ina bahati ya kuwa na taasisi ya taifa nyuma yake. Mitaa ya Musoma na maghala ya Bunda hayana.

Lakini hifadhi haimaanishi kila nyumba iwe makumbusho. Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, lipo jengo liitwalo Kipande House, lililojengwa mwaka 1913. Hapo ndipo Waafrika walipoandikishwa na kupewa kipande, kitambulisho cha lazima cha enzi ya ukoloni. Leo ni tawi la benki ya KCB na wakati huo huo ni jengo la urithi linalolindwa. Watu wanaweka fedha na kutoa, na kumbukumbu ya uchungu ule haikufutwa. Hapa kwetu makumbusho nayo yapo: Boma la Wajerumani Arusha, la mwaka 1900, limekuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe tangu 1987, na ukumbi wa Kaloleni ambamo Azimio la Arusha lilipitishwa ni makumbusho tangu 1977. Lakini Mikindani, boma la Wajerumani lililokuwa gofu lilikarabatiwa na kuwa hoteli, na vijana wa mji wakapata kazi na ufundi. Kote huko somo ni moja: nyumba ya kale hupona ikiwa na kazi ya kufanya, mwenyewe anayewajibika, na historia iliyoandikwa.

Kwa hiyo nasema wazi nilichokiona. Mara imehifadhi vizuri nyumba za mwana wake mmoja, na ilistahili kufanya hivyo. Lakini Mwalimu mwenyewe alifundisha kwamba nchi ni watu, na watu wa Mara wana nyumba zao: benki walikoanza kutunza akiba, ghala walikopeleka pamba, duka la baraza walikonunua khanga ya kwanza baada ya mavuno. Nyumba hizo hazitalindwa na mwaka 1863. Sheria inampa waziri uwezo wa kuzitangaza, lakini waziri hawezi kutangaza nyumba asiyoletewa. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zianze na jambo lisilohitaji mfadhili: orodha. Daftari moja, picha ya kila jengo la kabla ya mwaka 1967, jina la mmiliki, na maelezo ya mzee anayelikumbuka. Benki zilizorithi majengo ya zamani zifungue makabati yao na kuweka kibao ukutani kinachosema jengo lilijengwa lini na lilikuwa la nani.

Nawe msomaji, ikiwa unaishi kwenye mji mdogo popote Afrika Mashariki, huna haja ya kusubiri serikali. Tafuta nyumba moja ya zamani katika mtaa wako. Ipige picha, mtafute mzee aliyeifahamu ikiwa na kazi yake ya kwanza, andika anayosema pamoja na tarehe, kisha peleka nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako na nyingine uibakize nyumbani. Makarani wa ushirika waliobeba sanduku la chuma wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Waulize sasa.